Imondo ya Mchezaji Bora

Ilianza Jumapili, saa tano asubuhi, kwa harufu ya manyoya ya kuku yakiungua jikoni kwa Kukhu, nyanya yangu. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Ni yale yanayotangulia kutapika. Wiki iliyopita redio ya bwenini ilipotangaza mchezaji bora wa mwaka wa ligi ya taifa ya wanawake, wenzangu wa kidato cha tatu walirukaruka juu ya vitanda. Mimi nilienda dirishani kutafuta hewa. Wakaniuliza nina nini, nikasema sina kitu. Mimi huwa siongei sana, mnijue hivyo. Hujisemea kwenye karatasi, na nyinyi mnaosoma nawaamini kuliko yule anayelala kitanda cha juu yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Senge Khasandi, dada mdogo wa baba yangu (shangazi kwetu tunamwita senge), alikuwa amerudi nyumbani kutoka Nairobi na kombe. Alichezea timu ya wanawake ya hapa Kakamega, katikati ya uwanja, na msimu ule ligi nzima ilikuwa imempigia kura kuwa mchezaji bora. Kombe lilikuwa la rangi ya dhahabu, lenye masikio mawili, na lilinitosha kichwani kama kofia. Najua kwa sababu nililivaa. Jina la Senge lilichongwa tumboni mwake, nami nilikuwa nikilipitishia kidole herufi moja moja, polepole, kama mtu anayejifunza kuandika.

Sasa sikizeni habari ya imondo. Imondo ni firigisi ya kuku. Kwetu kuku akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na imondo ni ya mwenye heshima kuliko wote mezani. Sikuwahi kusikia kwamba huyo alikuwa mwanamke. Wanawake wa umri wa Kukhu hawakulanga kuku kabisa. Kukhu amepika ingokho, yaani kuku, maisha yake yote na hajawahi kulamba hata kijiko cha mchuzi wake. Na nyumbani kwetu kulikuwa na nyongeza, sijui kama kwenu ipo: anayekula imondo ndiye anayesema neno la mwisho, na neno hilo halipingwi. Hivyo ndivyo marehemu babu alivyoamua mipaka ya mashamba, na ndoa, na nani aende shule.

Siku hiyo neno la kuamuliwa lilikuwepo. Kambi ya msimu mpya ilikuwa ianze kesho yake, Jumatatu, na Senge alikuwa ameshafunga begi lake. Lakini Baba Mkubwa, kaka yao wa kwanza, alikuwa amealika mgeni kutoka Mautuma, mzee mwenye trekta aliyefiwa na mke, na mgeni huyo hakuja kuangalia kombe. Alikuja kumwangalia Senge. Alimwangalia tangu miguuni kwenda juu, akachokoa meno kwa njiti ya kiberiti kabla hata chakula hakijaletwa. Baba yangu naye alikuwepo, ila mbele ya kaka yake baba huwa kama kiti. Hukaliwa tu.

Huyu Baba Mkubwa, mjue, ndiye aliyewahi kuvitumbukiza viatu vya mpira vya Senge kwenye choo cha shimo. Alisema msichana wa adabu haonyeshi watu mapaja. Senge aliviopoa kwa jembe la mpini mrefu, akaviosha mtoni mara nyingi, akavivaa. Hakuna aliyemsaidia. Na sasa mtu yuleyule alikuwa amesimama katikati ya sebule, shati limemkaza tumboni, akilishika kombe kwa masikio kama anayeshika mbuzi wa mnada.

"Mnamwona huyu? Mimi ndiye nilimfundisha chenga! Nilikuwanga namwambia, Khasandi, tumia mguu wa kushoto. Kushoto!"

"Napiga kwa wa kulia," Senge alisema taratibu.

Watu wakacheka. Baba Mkubwa alicheka kuliko wote, na mate yake yakaruka juu ya dhahabu.

Kuna wachumao juani, na kuna waliokwisha kukaa kivulini mdomo wazi wakingoja.

Kisha Kukhu akaingia na chakula mwenyewe. Obusuma, ugali wetu, ilikuwa ikitoa mvuke, na mchuzi ulikuwa mzito wa mafuta ya njano. Aliwapita wanaume wote, akampita mgeni, akaiweka imondo kwenye sahani ya Senge Khasandi.

"Mama, umekosea sahani," Baba Mkubwa alisema.

"Kombe ni la nani?" Kukhu aliuliza. "Basi mwenye kombe ale."

Baba Mkubwa hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitabasamu, akamgeukia mgeni kama mwalimu anayemwombea radhi mwanafunzi mjinga. "Mzee, utusamehe, mama ameanza kusahau mambo. Mtu hajiamulii neno lake mwenyewe. Hata baba hakuwahi. Neno la leo linamhusu Khasandi, basi Khasandi hawezi kuila. Si ndiyo sheria?" Wanaume wakaitikia ndiyo, ndiyo. Akanyoosha mkono, akaitoa imondo kwenye sahani ya Senge kwa vidole vitatu, akaitia mdomoni.

Aliitafuna mdomo wazi. Ilikuwa ikilia kati ya meno yake kama kandambili kwenye matope, na mafuta yalimtoka pembeni mwa midomo yakateremka hadi shingoni. Alitafuna muda mrefu sana, macho ameyafumba, na sisi sote tulikuwa tunangoja ameze ndipo tujue Senge ataishi wapi. Alipomeza aliomba kombe. Akamimina mchuzi ndani yake, akanywa, akampa mgeni, naye akanywa, masharubu yake yakaacha alama ukingoni. Tone la mafuta likatambaa polepole juu ya jina la Senge yangu.

"Amefika juu," Baba Mkubwa alisema. "Mtu akifika juu ya mti hufanya nini tena? Hushuka. Khasandi harudi kambini. Nimesema."

"Asante, shemeji," mgeni alijibu, akabeua.

Wakapiga makofi. Senge aliinuka, akachukua beseni na jagi, akawanawisha mikono mmoja mmoja, amepiga magoti. Mafuta yao yalielea juu ya maji kama ngozi. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya migomba nikatapika shingo ya kuku niliyopewa, na obusuma yote.

Jioni nilimkuta Kukhu peke yake jikoni. Nilidhani analia. Alikuwa anafikicha maharagwe.

"Ulimsikia alivyosema?" aliniuliza.

"Kwamba Senge haendi."

"Hiyo ni ya mwisho. Ile ya kwanza. Mtu hajiamulii neno lake mwenyewe. Amesema mbele ya mgeni, na wote wameitikia." Akacheka kidogo na kuendelea kufikicha. Nikawaza kwamba kweli nyanya ameanza kusahau mambo.

Siku nyingi zilipita kabla sijaelewa. Kukhu alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule ile miaka na miaka, sahani mkononi, akisikiliza wanaume wakiamua, na sheria yao aliijua kuliko wale waliokula imondo. Na nilielewa jambo jingine, ambalo ndilo linanitia kinyaa hadi leo kuliko mafuta na masharubu. Firigisi ni nini? Ni mfuko mdogo ndani ya kuku, wenye changarawe za kusagia uchafu aliookota uani. Wanawake wa ukoo wetu waliozwa, wakaachishwa shule, wakanyamazishwa na mfuko wa changarawe.

Asubuhi ya Jumatatu, chai haijaiva, Kukhu alinituma nimkamate jogoo wake, yule pekee aliyekuwa amebaki. Baba yangu, yule kiti, ndiye aliyemchinja, na hakuuliza ni wa nini. Harufu ikamleta Baba Mkubwa kutoka nyumba yake pamoja na mgeni wake, wote wawili na macho ya usingizi, wakaketi kungojea. Senge alisimama karibu na mlango. Begi lake lilikuwa palepale chini, halijafunguliwa.

Kukhu akaweka imondo mbele yangu.

"Huyu?" Baba Mkubwa alifoka. "Mama! Katoto? Ka kike? Hata kuongea hakaongeagi!"

"Kuku mpya, neno jipya," Kukhu alisema. "Na neno si lake, ni la senge wake. Sheria umetukumbusha wewe jana, mwanangu, na hukutaja mwanamke wala mtoto. Ama hukuwa na hakika?"

Baba Mkubwa alimtazama mgeni. Mgeni alitazama paa. Baba yangu akakohoa, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake mbele ya kaka yake: "Acha kale."

Nikaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kama kipande cha tairi, yenye ladha ya kutu, na kadiri nilivyoitafuna ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa. Machozi yalinitoka. Kila mtu alikuwa ananitazama mdomoni, jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa kuliko yote duniani. Nikameza kwa nguvu, ikashuka kama jiwe.

"Senge aende," nilisema.

Kisha nikakimbia nje kutapika, neno likiwa limeshasemwa.