Mandolini Mpya na Mdomo wa Dada Yangu

Dada yangu aliichukia mandolini yangu mpya kabla hata sijaitoa kwenye boksi.

"Fahali mzima umeuza, upate kisanduku cha kelele," alisema, amesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni. "Mzee kama wewe. Huoni hata haya!"

Nilimwambia fahali ni wangu na masikio ni yake, ayazibe. Tunaishi boma moja hapa Isiolo mjini tangu afiwe na mumewe, ukuta wa mabati kati yetu, na sikumbuki siku tuliyomaliza chai bila kurushiana maneno.

Nimeendesha lori la mifugo kutoka mnada wa Oldonyiro miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa. Mandolini ya kwanza niliinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihama, na miaka yote hiyo nikahangaika na wimbo mmoja tu, ule mama aliokuwa akiwaimbia ng'ombe akikamua, kule kwetu Kinna. Niliupata wote isipokuwa pahali pamoja katikati. Nikifika hapo, sauti inakuwa mbovu. Nikalaumu mandolini. Shingo imepinda, vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza, nyuzi nimeziunga kwa waya. Nani angepiga kitu cha maana kwa takataka ile? Kila aliyenicheka nilimwambia ngoja nipate chombo kizuri, utanyamaza. Dada nilimwambia hivyo kuliko wote.

Sasa chombo kilikuja. Nyuzi nane zimekazwa sawasawa, ukigusa tu chumba kinaitika. Nikakaa asubuhi hiyo nikapiga. Nilipofika pale katikati, ikatoka mbovu vilevile. Mbaya zaidi, maana sasa ilisikika wazi.

"Hapo hapo!" dada akapiga kelele ng'ambo ya mabati. "Miaka thelathini, hapo hapo!"

Wallahi, ningekuwa na kiatu mkononi ningemrushia. Nikajaribu sauti ya juu. "Mbovu!" Ya chini. "Mbovu!" Hasira ilinipanda, na hofu pia ilikuwamo: kwamba ubovu ulikuwa mimi muda wote, na sasa sina cha kusingizia.

"Kama unajua sana, njoo upige wewe!" nikafoka.

Alikuja. Mandolini hakuigusa. Alisimama na sufuria yake mkononi, uso ameukunja, akaimba. Alipofika pale, alinyamaza. Pumzi moja, mbili. Kisha akaendelea.

"Mbona umekata?"

"Hapo hakuna kitu, mjinga wewe. Hapo mama alikuwa akimtoa ndama kwenye chuchu ili akamue. Nani anaimba akivutana na ndama? Wewe ungejuaje? Ulikuwa unazurura na baba kwenye lori. Kamba ya ndama nilishika mimi."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Uliniuliza? Kila siku ni nyamaza, nyamaza."

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, kwa sababu mama alikuwa amebaki kwake mzima, na kwangu kipande.

"Imba tena," nikamwambia.

"Sema tafadhali."

"Imba, wewe!"

Akaimba, bado amenuna. Nikapiga naye. Tulipofika pale nikainua mkono kutoka kwenye nyuzi, na kwa mara ya kwanza nikamwachia mama nafasi ya kumtoa ndama.