Bulangeti Katikati ya Seva

Chekeni mkiweza, wenzangu. Mimi bado sijaweza. Kwenye kituo chetu cha kompyuta hapa kambini Kashojwa, mimi ndiye niliyejiita injinia. Jirani yangu Mama Sifa aliniletea wimbo aliouimba marehemu mume wake, uliokuwa kwenye simu inayokaribia kufa. Nikaunakili kwenye seva mbili, nikajipiga kifua.

"Mashini moja inabeba seva mbili?" aliuliza.

"Ni kama nyumba yetu, mama. Bulangeti katikati, familia mbili, kila mutu kwake. Moja ikikufa, ingine inabakia."

Wiki jana, simu ile ikiwa imeshakufa, mashini nayo ilizimika. Tukaipeleka pamoja Mbarara, nami njia nzima nikimtuliza kwamba nakala ya pili ipo. Fundi akaifungua, akatoa diski iliyoungua.

"Hii imekufa kabisa."

"Basi toa ile ya pili," nikamwamuru kama bosi.

Akanitazama kwa huruma. "Diski iko moja tu, sebo. Seva zako zote mbili zilikuwa humu."

Mama Sifa alinigeukia polepole.

"Kumbe nyumba ikiungua, ile bulangeti haisaidie mutu?"