Darasa la marehemu Maître Donat lilivyokaa kimya huku mtoto akikosa hewa

Wakuu, heshima kwenu. Hili nalisimulia kama lilivyonipata, sina cha kuongeza. Wa kucheka acheke, ila mimi mpaka leo watoto wakinyamaza, mwili unanisisimka.

Nafundisha shule ya msingi huku Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi. Nilipewa darasa la tano baada ya mwalimu wao, Maître Donat, kufariki.

Marehemu alikuwa na sifa kubwa. Darasa lake halikuwahi kupiga kelele. Wazazi walitoa watoto hata mtaa wa Hewa Bora kuwaleta kwake.

Asubuhi ya kwanza, mama mmoja anayeuza maandazi getini alinishika mkono.

"Maître, Ilunga wangu iko na asthme. Akianza kukohola, umutoshe inje, uniite mbio."

Nikamwambia aondoe shaka, pumu ikimbana nitamtoa nje na kumwita.

Nikaingia. Watoto wakasimama pamoja, wakakaa pamoja, mikono imekunjwa kifuani. Nikafundisha hesabu, nikauliza, "Mumeelewa?"

"Ndiyo, Maître!" Sauti moja.

Nikakosea ubaoni makusudi, nikauliza tena.

"Ndiyo, Maître!"

Nikaogopa kidogo, lakini nilijipongeza pia. Jamani, mwalimu gani hapendi darasa tulivu?

Baadaye directeur, yaani mwalimu mkuu, akaniita ofisini. Nikawaambia watoto wakae kimya, asitoke mtu, nikamwachia darasa kiranja wao, chef de classe kama wanavyomwita, msichana anaitwa Ngoie.

Ofisini directeur akainua kidole. "Sikia. Kuko makelele? Hakuna. Ile njo classe!" Yaani hilo ndilo darasa.

Tukakaa tunausikiliza ule utulivu kama watu wanaosikiliza redio. Nilifurahi kweli.

Kisha ikaja sauti ya mwanaume. Nzito, ya taratibu, na kikohozi kikavu mwishoni. Directeur akabadilika uso.

"Ile ni Donat," akasema.

Nilienda mpaka mlango wa darasa. Ndani, Ngoie alikuwa amesimama mbele, chaki nyuma ya mgongo, anafundisha kwa sauti ya marehemu. Kikohozi kilekile.

"Mumeelewa?"

"Ndiyo, Maître!"

Na pale kati, Ilunga. Mgongo wima, mikono kifuani kama wenzake, midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa anatafuta hewa bila kutoa sauti. Hata ile "ndiyo" alijaribu kuitamka.

Nilimbeba mbio hadi getini. Mama yake alikuwa na kile kichupa cha dawa ya kuvuta mfukoni. Mtoto akavuta, pumzi ikamrudia. Mungu ni mwema, na mimi nililia mbele za watu bila aibu.

Niliporudi darasani nikamuuliza Ngoie, "Ulimuona?"

"Nilimuona, Maître."

"Sasa juu ya nini haukuniita?"

"Ulisema muntu asitoke. Na Maître Donat alitufundisha, chef de classe hasemi kama habajamuuliza."

Hakuwa na ubaya usoni. Hakuwa na kitu chochote usoni, ndicho kilichonitisha.

Wakuu, wengi tunaamini darasa kimya ndilo linaloelewa, na kiongozi bora ni yule anayetiiwa hata akiwa hayupo. Basi marehemu alitiiwa hata baada ya kuzikwa, na mtoto wa watu alikuwa anakata roho.

Siku hizi darasa langu ni soko. Directeur amenuna, na wapo wazazi waliohamisha watoto. Sijali. Nikitoka, nikasikia kimya, narudi mbio.

Juzi kimya kikaja. Nikakimbia. Kabla sijafika nikaisikia ile sauti nzito, na kikohozi.

Safari hii aliyesimama mbele ni Ilunga, chaki nyuma ya mgongo.

"Mumeelewa?"

Nilishindwa kuvuka mlango. Ile "ndiyo" ya pamoja haikuja.

Halafu kutoka nyuma kabisa, Ngoie, peke yake, kwa sauti yake mwenyewe ambayo sikuwahi kuisikia ikikataa kitu: "Hapana, Maître."

Walimu na wazazi mlio humu, mwanao akibanwa darasani, atathubutu kusema? Nataka kuwasikia. Hata wa kunipinga aje.