Mikwaruzo kwenye Mlango wa Gari la Maiti

Saa moja asubuhi, katika ua wa nyumba moja Mishomoroni, Nyevu Masha anawasha mashine ya polishi kwa mara ya kwanza nyumbani kwake. Redio za wapangaji zinazimwa moja baada ya nyingine.

Gari lililo mbele yake ni refu, jeusi, lenye mapazia ya zambarau. Ni gari la kubebea maiti. Anaigusisha sponji ya duara ubavuni mwa gari, na papo hapo kitu kinaanza kuzunguka ndani. Krr. Krr. Krr.

Anazima. Kimya. Anawasha tena. Krr.

"Nilikimbia mpaka mlangoni kwa Bi Barke," anasimulia wiki tatu baadaye, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa uani hapo hapo. "Nikamwambia mle ndani mna mtu."

Bi Barke, mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na mmoja, alitoka na tasbihi mkononi. Wakachungulia pamoja dirishani. Hapakuwa na mtu. Zilikuwa ni roli za chuma za sakafuni, zile ambazo jeneza hupitishwa juu yake likiingizwa. Mashine ikitikisa bati, roli nazo huzunguka zenyewe, polepole, kama kwamba kuna kinachoingia.

Nyevu ana umri wa miaka 38. Alizaliwa Bamba, kaunti ya Kilifi, na kwa miaka tisa amekuwa akiosha magari kwenye uwanja mmoja wa Kiembeni. Siku njema hurudi na shilingi mia sita. Mvua ikinyesha, mia mbili, au mikono mitupu.

Kazi ya polishi aliisoma kwa macho. "Mashine hushikwa na wanaume. Mimi nilikuwa mtu wa ndoo na kitambaa," anasema. "Lakini nikifuta gari nilikuwa natazama: anashikaje, anakwenda upande gani, rangi ikipata moto anafanyaje."

Kisha akaja Griffin Kiponda, mwanamume wa makamo mwenye gari hilo, ambaye huliendesha mwenyewe. Alitaka rangi yake irudi kuwa nyeusi ya kung'aa, kwa kuwa ilikuwa imefifia kwa jua na vumbi la barabara za mashambani. Lakini gari lilipoingia tu uwanjani, wateja wawili waliondoka na magari yao kabla hayajaoshwa. Mwenye uwanja akasema litoke.

"Griffin aliuliza nani anaweza kuifanya kazi hiyo kwingine. Wote wakaangalia chini," Nyevu anakumbuka. "Mimi nikainua mkono. Hata sijui kwa nini."

Walikubaliana shilingi elfu saba kwa siku tatu. Mashine aliikodi. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bi Barke."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wataka kuniletea maiti uani."

"Ni gari tu, bibi. Li tupu."

"Gari hilo haliwi tupu," Bi Barke alimjibu. "Sikukatazi. Riziki yako siwezi kuizuia. Lakini nyuma yake itazame ukuta, isitazame milango yetu. Na jioni nitafukiza udi. Usiniulize."

Siku ya kwanza Nyevu alimaliza ubavu mmoja. Rangi iliyokuwa kijivu ikaanza kuwa nyeusi, kisha ikawa kama maji ya kisimani, ua mzima ukaonekana mle. Nguo zilizoanikwa kambani zilionekana kama watu waliopanga foleni, hawana vichwa, wanapepesuka. Kufikia adhuhuri wapangaji walikuwa wameanua nguo zao zote, nyingine mbichi.

Hakuna aliyemsalimia siku hiyo. Waliopita walipita wakitazama miguu yao.

Siku ya pili alifika kwenye mlango wa nyuma. Kwa kuwa ulitazama ukuta, palikuwa na kivuli, akamulika kwa tochi ya simu. Mwanga ulipopita kimshazari, mikwaruzo ikajitokeza chini ya mpini. Ilikuwa myembamba, imejipinda kidogo, minne minne. Alihesabu mafungu kumi na moja.

Akaweka vidole vyake juu ya fungu moja. Vikaenea.

Nyevu anasema: "Kwanza nilidhani ni mtu aliyetaka kutoka. Halafu nikakumbuka mikwaruzo iko nje. Ni ya watu waliotaka kuingia."

Alipiga magoti kufuta vumbi la chini, na hapo akaona fungu la kumi na mbili. Lilikuwa chini sana, usawa wa kiuno chake akiwa amepiga magoti. Vidole vilikuwa vidogo, na mikwaruzo yake ndiyo iliyozama kuliko yote.

Alikuwa bado anaitazama aliposikia mtu akipumua nyuma yake. Katika weusi wa mlango aliona uso wa mwanamke.

Alikuwa Judy, mpangaji wa chumba cha karibu na lango. Siku mbili hizo alikuwa hajamjibu hata salamu.

"Dada Nyevu," Judy alisema, "hili gari lina mbonyeo kwenye bampa, upande wa kushoto?"

"Lina. Unalijua?"

"Ndilo lililompeleka Kai."

Kai alikuwa mumewe. Alifariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa ini, akazikwa kwao Kaloleni. Binti yao, Lavender, alikuwa na miaka sita. Jeneza lilipoingizwa garini pale chumba cha maiti, mtoto aling'ang'ania mlango, hakutaka ufungwe akaachwa nje. Walimbandua kidole kimoja kimoja. Gari lilipofika uani, Judy alimpeleka kwa shangazi yake Bofu, ng'ambo ya kivuko, asilione.

Judy alichutama, akagusa ile mikwaruzo midogo. "Tangu siku ile hajalia. Hata mara moja. Kilio chake ni hiki hapa," alisema. "Tafadhali, usikitoe."

Nyevu hakulala vizuri. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kutoa kila alama. Akiiacha, huenda asilipwe, na habari zifike Kiembeni kwamba Nyevu ameshindwa. Tena alijua kwamba mikwaruzo ile midogo imepenya sana. Akiifuata kwa mashine mpaka mwisho, huenda angetoboa rangi mpaka bati lionekane.

Siku ya tatu saa nne asubuhi Griffin alikuja. Alilizunguka gari, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Mafungu kumi na moja ya juu yalikuwa yamekwisha. Kisha akainama.

"Na hii?"

"Hiyo imezama, bosi. Na mwenye vidole hivyo ni mtoto wa hapa hapa. Mamake ameniomba niiache."

Griffin alipojibu, Nyevu anasema, sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Wenye alama hizi wote niliwaona wakiushika mlango huu. Mimi ndiye hubandua vidole vyao. Watu hudhani ni jamaa, lakini jamaa huwa wanalia, hawawezi. Ni mimi. Kila nikiufungua naviona. Nimekuletea wewe uvitoe, mama. Vyote."

Judy alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, amesikia kila neno. Akaja taratibu mpaka kwenye gari. Griffin alipomwona alivua kofia.

"Kaloleni," alisema. "Mtoto alikuwa na rinda la manjano."

"Ndiye."

"Nilimvuta kwa nguvu. Nilichelewa, barabara ilikuwa mbaya, nikamvuta. Nisamehe, mama."

Judy alimgeukia Nyevu, akanyoosha mkono. "Nipe hicho kitambaa. Nitavitoa mwenyewe, huyu naye apumzike. Nionyeshe."

Nyevu alimwonyesha: dawa kidogo tu, miduara midogo, usikandamize. Judy akafuta kwa muda mrefu. Bi Barke alitoka barazani akasimama. Hakuna mashine iliyokuwa imewashwa, lakini ndani ya gari roli zilizunguka. Krr. Mara moja tu, zikatulia.

Kila aliyekuwepo alisikia. Bi Barke alisema, "Innalillahi." Griffin anashikilia kwamba gari lilikuwa limesimama mahali penye mteremko. Judy aliendelea kufuta.

Vidole vitatu vilitoweka. Cha nne kilibaki, uzi mwembamba usioonekana mpaka umulike.

"Hicho basi," Griffin alisema. "Hicho nitatembea nacho."

Alilipa elfu saba zote, akaondoka kwa mwendo wa pole mpaka barabarani. Jioni ya siku hiyo Judy alikwenda Bofu kumchukua mtoto. Alimweleza njiani kwamba yule dereva amemwomba radhi. Judy anasema Lavender alilia kuanzia kivukoni mpaka nyumbani, na abiria wenzao wakamwachia nafasi ya kukaa.

Sasa Nyevu anajiwekea akiba ya mashine yake mwenyewe, inayouzwa elfu kumi na nane. Ana elfu kumi na moja. Bi Barke amempa pembe ya ua aezeke mabati, na wateja wanne wamekwisha kuja, wawili kati yao wakiwa wenye magari ya maiti waliotumwa na Griffin.

"Nitayafanya. Nimeyazoea," anasema akisuuza vitambaa. "Lakini namwomba Mungu aniletee gari la arusi. Hata la kukodi, hata lina tope mpaka madirishani. Nifungue mlango wake wa nyuma nikute maua yaliyokauka, basi."