Wadudu Waliojenga Kifuani kwa Silantoi

Kasaine wa Terrat alikuwa na kanuni moja ya tiba, na ilikuwa imeponya ng'ombe wengi kuliko vyeti vya watu: mnyama akisimama, sindano inakoma, dawa iliyobaki inarudi koponi kumngoja mgonjwa mwingine. Mfugaji gani mwenye akili humdunga ng'ombe anayekula majani?

Kwa hiyo binti yake Silantoi alipoanza kukohoa utotoni, naye alitibiwa kwa kanuni hiyo. Hospitali ilitoa vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya tano mtoto anakimbizana na mbuzi, ambao walipenda kumlamba mikono yenye jasho la chumvi kama jiwe la magadi. Vidonge, koponi. Kikohozi kikirudi, kopo linafunguliwa. Kifua kikuu kilipimwa mara tatu hakikuonekana, na dawa zake akanyweshwa hivyo hivyo. Alipofika miaka kumi na mitatu ndipo Daktari Evaresta alipouliza habari za jasho lile la chumvi, na ugonjwa ukapata jina: sistiki fibrosisi, wa kuzaliwa nao, unaofanya makohozi kuwa mazito kama gundi.

Sasa Silantoi ana kumi na sita, na majibu ya makohozi yako mezani kwa daktari.

"Baba Silantoi, maabara wamejaribu dawa sita. Bakteria wamezikataa zote."

"Mwaka jana dawa hizo hizo ziliwaua, daktari."

"Ziliwaua wanyonge. Waliobaki wakazaana. Hawa waliingia na mikia ya kuogelea, wazururaji tu. Wakakuta makohozi mazito, chakula kipo. Mikia wakaacha, wakajifunika ute, wakatulia. Dawa inapita juu yao. Wengine wamelala kabisa, na aliyelala dawa haimwoni."

"Yaani wao wana kiwanja na hati," Silantoi alisema, "mimi ndiye mpangaji."

Daktari alicheka, akajuta.

Kasaine alivua kofia. Akaeleza habari za kopo lote, mbele ya binti yake, bila kuficha hata kidonge. Kisha akangoja hukumu. Kwao kosa lina faini: unatoa mtamba, wazee wanakula, kosa limekwisha. Yeye alikuwa tayari kutoa boma zima.

"Kuzikatisha dawa hakukusaidia," daktari alisema taratibu. "Ila hata ungemaliza zote, kwenye kifua kama hiki wangebadilika tu, baba. Pengine wangechelewa."

"Wangechelewa kiasi gani?"

"Sijui."

Kasaine alitamani atukanwe. Kosa lingekuwa lake lote, angejua pa kuanzia.

"Sasa tunawatoaje?"

"Hatuwatoi. Tunawapunguza. Nitatafuta dawa ya kuvuta kwa mvuke, na wewe umgonge mgongo ili makohozi yatoke, asubuhi na jioni."

Jioni hiyo Silantoi alilala kifudifudi, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda. Kasaine, aliyezoea kuvuta ndama anayezaliwa kwa miguu yote miwili ya mbele, alikunja viganja akagonga kama anayebisha hodi kwa wakwe.

"Baba, gonga! Mimi siyo yai."

Akagonga. Binti akakohoa mpaka machozi, akatema kikombeni tone moja la kijani. Kasaine alilitazama. Wadudu hawa ni wa juu tu, aliwaza. Akafunika kikombe, akamsaidia kugeukia ubavu wa pili, akaanza tena.