Ufunguo wa Uwanja wa Kilvarra

Attracta Munnelly hununua ndama wembamba na kuwauza wakishanenepa, na katika tofauti hiyo ndimo alimojenga nyumba, akasomesha watoto watatu na kununua lori la pili. Hakurithi hata mkia wa ng'ombe. Kule mnadani, wafugaji wa upande huu wa Mayo, magharibi mwa Ayalandi, wakimwona anakuja na koti lake la mvua na kijiti mkononi, huacha kusifu mifugo yao. Kumsifia Attracta ng'ombe ni kumaliza pumzi bure.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi yake nyingine ilikuwa klabu ya mpira wa Kigaeli ya parokia ya Kilvarra, ambayo haimlipi mtu yeyote. Jezi za timu ya wakubwa, ile ya wanaume, zilifuliwa nyumbani kwake. Siku za mechi, chai ya wageni ilichemkia kwenye masufuria yake, na mikate ya nyama ya nguruwe ilikatwa juu ya meza yake. Hakulalamika. Anayelalamika sokoni hujishushia bei mwenyewe.

Kilichomkaa kooni kilikuwa lango la uwanja. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Packie Forde, mzee mjane aliyeuchunga uwanja ule kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyekata majani, yeye ndiye aliyechora mistari ya chokaa, na kunguru akitua kwenye lango la goli alimfukuza kwa jina. Timu za wanawake na wasichana zilikuwa chini ya chama kingine. Kwa hiyo, ingawa mabinti wale walizaliwa katika nyumba zilezile na kuvaa rangi zilezile, kijani na nyeupe, uwanjani walikuwa wageni. Kila walipotaka kucheza iliwabidi waombe, na Packie alikuwa na jibu moja: uwanja unapumzika.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa jembe walipewa tangu siku ya kwanza. Mama zao ndio waliouza tiketi za bahati nasibu na kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Ugeni tu ndio uliokataa kuisha.

Jumamosi moja ya Septemba, wasichana walikuwa na nusu fainali nyumbani dhidi ya Drumsheel, parokia jirani. Walifika wamekwisha kuvaa jezi, wakakuta lango limefungwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na wakubwa walikuwa na mechi wiki iliyofuata. Mechi ikahamishiwa Drumsheel, wakafungwa vibaya. Baadaye wenyeji wao wakawanywesha supu, na mwenyekiti wao akasema kwa sauti ya upole kwamba uwanja wao uko wazi jioni yoyote.

Muireann, mke wa mtoto wa kwanza wa Attracta, ndiye aliyewafundisha wasichana wale. Jioni ile alikuja jikoni kwa mama mkwe wake, akakaa bila kuvua koti.

"Mama, mwakani tunakwenda Drumsheel. Wazazi wamekubaliana."

"Wote?"

"Wote. Nimechoka kuomba. Nikimwomba Packie naona kama namwomba anipe figo."

"Na Orlaith?"

Orlaith alikuwa mjukuu wa Attracta, mchezaji wa kiungo, mwenye magoti yasiyokauka vidonda.

"Orlaith atavaa njano kama wenzake."

Attracta alimwaga chai iliyopoa kwenye sinki. Kilvarra mtu aliweza kubadili dini na maneno yakaisha kwa wiki moja. Mjukuu wa Munnelly kuvaa njano ya Drumsheel ni jambo ambalo watu wangelisema mpaka kwenye mazishi yake.

"Nipe mpaka mkutano mkuu," alisema.

"Mwaka jana ulijaribu, mama. Walikupigia makofi."

"Ndiyo. Hapo ndipo nilipokosea."

Mwaka jana alisimama mkutanoni akazungumzia haki. Alizungumza vizuri, tena kwa kifupi. Walimpigia makofi, mwenyekiti akamshukuru kwa moyo wake, na hoja ikapelekwa kwenye kamati ndogo, ikazikwa huko. Alipokuwa akirudi nyumbani alijilaumu mwenyewe, si wao. Mnunuzi anayesifu ndama wako hana nia ya kumchukua. Anayetaka kununua humtazama meno, akaguna, akasema huyu ana mguu mbaya.

Safari hii alianza na mguu mbaya. Alimfuata Packie uwanjani, akamkuta kwenye kona ya chini, karibu na goli la upande wa mto, akichoma udongo kwa uma wa shamba. Maji yalikuwa yamejaa kwenye nyayo zake.

"Kona hii inanuka, Packie."

"Umekuja kunitukana au una shida?"

"Nimekuja kuangalia mali. Ng'ombe akizama hapa tutahitaji katapila kumtoa."

"Nimewaambia hao wa kamati," Packie alisema. "Mtaro wa chini umeziba tangu enzi za mapadri wenye kanzu. Kila mwaka nawaambia. Kila mwaka wananunua mabegi mapya ya wakubwa. Wewe unafikiri mimi napenda kufunga lango? Kona ikioza, uwanja wote unaoza."

Attracta aliitazama kona tena. Alikuwa amepata jino alilokuwa akilitafuta. Kumbe mzee yule hakuwa na ugomvi na wasichana. Ugomvi wake ulikuwa na maji.

"Baba zao wasichana," alisema, "mmoja ana mashine ya kuchimbia. Wawili wana matrekta. Wengine wana migongo. Nikiwaleta hapa kwa ujima mwezi wa pili, mtaro unafunguliwa mpaka mtoni."

"Kwa bei gani?"

"Unaunga mkono hoja yangu. Wasichana wanapata mechi zao za nyumbani hapa, na jioni mbili za mazoezi. Na Muireann anapata ufunguo wa pili."

Packie alicheka puani. "Jioni mbili. Kwa nini usiombe na nyumba yangu?"

"Nyumba yako ina kona mbaya kuliko hii."

"Ufunguo, sawa. Goti langu haliwezi tena kuja hapa kila saa. Mechi, sawa. Jioni ni moja."

Hapo Attracta angeweza kumaliza. Jioni moja na nusu ilikuwa imekaa pale waziwazi, yeyote angeiona. Lakini aliiacha makusudi, kama mtu anayeacha mlango wazi kidogo.

"Tutaonana mkutanoni," alisema, akaondoka.

Mkutano ulifanyika Novemba kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Watu walijaa, wengine kwa sababu ya klabu, wengine kwa sababu kulikuwa na joto. Mwenyekiti, Gearóid Tarpey, mwuza vyakula vya mifugo, alikuwa mtu mwema asiyependa kelele. Hoja ya Attracta ilipofika aliisoma, akatabasamu.

"Hoja nzuri sana, Attracta, na sote tunajua unavyojitoa. Napendekeza tuipeleke kwenye kamati ndogo ili—"

"Mimi naiunga mkono," alisema Packie kutoka nyuma.

Ukumbi uligeuka. Packie hakuwa amewahi kuunga mkono kitu chochote tangu wamjue.

"Ila si jioni mbili," aliendelea. "Moja."

"Mbili," alisema Attracta bila kugeuka.

"Moja, na ushukuru."

"Mtaro mzima unachimbwa kwa ajili yako, Packie Forde. Kwa jioni moja nitakuchimbia shimo la panya."

Watu walianza kucheka, wakasogeza viti. Katika ukumbi ule hapakuwa na mtu asiyelelewa pembeni mwa ng'ombe. Hotuba waliweza kuikwepa. Kuona watu wawili wanapatana bei na wakakaa kimya hawakuweza. Packie alivaa kofia yake, akaanza kwenda mlangoni kama muuzaji aliyetukanwa, naye Attracta akatazama ukuta kama mnunuzi asiyejali.

"We Packie, rudi hapa," alisema Mossy Gaughan, dalali wa zamani wa minada, akimshika mkono wa koti. "Hamjatofautiana hata urefu wa kwato. Gaweni tofauti. Ardhi ikiwa kavu, jioni mbili. Ikiwa na maji, moja."

"Na nani atasema ni kavu?" aliuliza Attracta.

"Mimi," alisema Packie.

"Wewe hata jangwani utasema ni matope. Wewe na Muireann, mkiwa mmesimama pamoja kwenye kona."

Packie aliguna. Mossy hakusubiri zaidi. Alitema mate kiganjani mwake, akashika mkono wa huyu, akashika wa yule, akavigonga viganja vyao pamoja kwa kishindo.

"Yamekwisha."

"Na kitu cha bahati je?" Packie aliuliza. Muuzaji na mnunuzi hawaachani hivihivi. Lazima kitu kidogo kirudishwe mkononi.

"Nitafua jezi za wakubwa mpaka Pasaka," alisema Attracta. "Baada ya hapo kila timu itafua zake. Na chai ya wageni mtapika kwa zamu."

Kicheko cha wakubwa kilikatika njiani, lakini mkono ulikuwa umekwisha kugongwa. Anayevunja mkono uliogongwa huku kwetu hatauza tena hata kuku. Mwenyekiti Tarpey aliitazama karatasi yake, akatazama ukumbi, akaona kamati ndogo haina tena pa kukaa. Akaomba kura. Mikono ilipanda, na wa kwake ukafuata.

Mwezi wa pili mtaro ulichimbwa. Kulitoka matope meusi, viatu vitatu na mpira ambao watu waliubishania ni wa mwaka gani. Kona ilichukua mpaka Aprili kukauka.

Drumsheel walikuja kucheza mwezi wa tano. Muireann alikuwa amewabakiza wasichana wake wote isipokuwa kipa, aliyekwisha kuahidi njano na hakutaka kurudisha neno. Siku ile alisimama kwenye goli la upande wa mto, akiwazuia wenzake wa zamani. Orlaith alipaisha mpira juu ya mwamba mara nne, kila mara pointi moja, na bado Kilvarra walishindwa kwa pointi moja. Attracta aliutazama mchezo akiwa ameegemea uzio, mikono mfukoni. Uwanja ulikuwa wao na kushindwa kulikuwa kwao. Hilo alilikubali kama ndama aliyenunuliwa kwa macho mawili yaliyo wazi.

Chai ilipikwa na timu ya wakubwa, ikatoka nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Mwalimu wa Drumsheel alionja, akauliza kwa adabu nani kaipika.

"Wanaume wetu," alisema Attracta. "Ndio kwanza wanaanza. Wape msimu mmoja."

Packie hakungoja chai. Alikuwa amemtukana refa vya kutosha na goti lilikuwa likimsumbua. Alipompita Muireann alisimama, akatazama mawingu, akatazama kona.

"Jumatano njooni. Ni kavu," alisema. "Na ukifunga lango, liinue kwanza. Linashika chini."

"Najua, mzee. Ninao ufunguo."

"Najua unao. Nakwambia uliinue."