Paja la Kivuva na Jezi Namba Tisa

Kwa huzuni isiyo na kifani, na kwa niaba ya machifu, makanisa na wauza mandazi wote kuanzia Kasikeu hadi Mukuyuni, tunautangazia umma kwamba msuli wa nyuma ya paja la kushoto la Bwana Kivuva, mshambuliaji wa Nyuki wa Kasikeu, umestaafu soka. Bwana Kivuva mwenyewe yu hai, anakula vizuri, na ana hasira.

Kivuva anaendesha bodaboda, umri unanyemelea arobaini, na jezi namba tisa ameivaa tangu kabla bintiye Nduku hajazaliwa. Mwili wake ni makumbusho. Kifundo cha mguu kiliteguka kwa sababu alicheza na viatu vya marehemu mjomba wake, vilivyokuwa vikimpwaya kama ndoo. Goti lilivimba, akalichezea hivyo hivyo wiki iliyofuata, likawa papai. Kila kovu anakuonyesha kama mtu anayekuonyesha ng'ombe wake. Na kupasha mwili joto kabla ya mechi? "Kwani jua la Kasikeu linafanya kazi gani?" alikuwa akiuliza. Nasi sote tulikuwa tunakaa juani kama mijusi, tukingoja kipyenga.

Ndipo akaja Mikail.

Mikail ni kijana wa Makindu aliyefungua duka la misumari na mabati hapo sokoni. Jumamosi ya kwanza aliuzunguka uwanja polepole peke yake, akainua magoti, akachuchumaa na kuinuka, akazungusha vifundo. Tulicheka mpaka machozi. Jumamosi ya pili watu watatu walikuwa nyuma yake. Mwezi haujaisha, timu nzima ikawa inachuchumaa, na akina mama wauza machungwa wameacha machungwa wanatazama.

Wivu ulimshika Kivuva kama kwikwi.

"Mwanamume ambaye hajawahi kuchechemea," alituambia, "ameifanyia nini timu hii?"

"Anafunga mabao," akasema Mulei, kipa wetu, ambaye hajui kunyamaza.

"Mabao! Mimi nimeacha kucha zangu kwenye uwanja huu!"

Sasa, Nyuki hawana jezi za akiba. Anayetoka anaivua, anayeingia anaivaa na jasho lake. Kocha Mbithi akasema mechi ya Boxing Day dhidi ya Mukuyuni Kivuva ataanza, kwa heshima. Akichoka, atamvulia Mikail. Kivuva hakulala vizuri wiki hiyo.

Moyoni alishajua yale mazoezi yanasaidia. Ila heri afe kuliko kuonekana akichuchumaa nyuma ya kijana wa mabati. Kwa hiyo asubuhi ya mechi alijificha nyuma ya zizi akaanza kurusha magoti. Mkewe Mwongeli akamkuta.

"Baba Nduku, umeingiwa na siafu?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya yule kijana wa Makindu?"

"Yangu! Yeye ndiye aliyeyaiba."

"Basi yafanye karibu na mechi. Misuli si muthokoi, uupike asubuhi uule jioni."

Hakusikia. Alimaliza, akajipangusa, akawasha pikipiki.

Mechi ilikuwa ya saa nane. Lakini kwetu mpira hauanzi kabla mgeni wa heshima hajaongea, na mgeni huyu alikuwa anataka kura. Aliongea, rafiki yake akaongea, pasta akaombea mvua. Wakati huo sisi tulikuwa nyuma ya goli na Mikail, tunakimbia, tunajinyoosha, tunakunywa maji. Kivuva alikaa kwenye kivuli cha hema, mguu juu ya mguu.

"Kivuva, njoo upashe mwili!" Kocha akaita.

"Mimi niko tayari tangu asubuhi!"

Kipyenga kililia saa kumi. Mpira mrefu wa kwanza ukatupwa mbele, Kivuva akafyatuka. Mimi nikiwa winga wa kulia nilisikia pa! kama mwiko uliovunjika. Akaanguka, ameshika paja kwa nyuma.

Watu wakajaa. Mmoja anataka maji ya moto, mwingine anataka kuuvuta mguu. Mikail akafika.

"Asivutwe! Asikandwe! Leteni barafu ya muuza soda!" Akaizungushia kitambaa, akaiweka kwenye paja, akalifunga bandeji, akauinua mguu juu ya kreti. "Pole, kaka. Usilikande wala kulichoma na maji moto siku hizi za kwanza. Twende kwa daktari aliangalie."

Kivuva alikuwa ameikumbatia jezi kwa mikono miwili.

"Vua," Kocha akasema.

"Naendelea."

"Umelala chini!"

"Napumzika."

Tulimvua kwa nguvu. Mikail akaivaa, akafunga mara mbili. Kwa bao la pili Mwongeli alipiga vigelegele, kisha akakumbuka ameolewa na nani, akakohoa.

Ni Mikail huyohuyo aliyependekeza, Kivuva alipoanza kutembelea fimbo, kwamba mzee ana sauti, asimamie mazoezi ya kupasha mwili. Kivuva alikubali upesi mno. Sasa hakuna anayegusa mpira kabla hajatokwa jasho. Anakagua kamba za viatu. Mwenye kiatu cha kuazima anarudishwa nyumbani, mwenye goti lililovimba anakalishwa benchi. "Mulei, inua goti, hapa si matangani!" Na kila zoezi anamfanyisha Mikail mara mbili, kwa chuki tupu, mpaka kijana amekuwa mgumu kama reli ya Makindu. Msimu huu hakuna aliyechechemea.

Jumamosi iliyopita nilimwendea kwa sauti ya mtu anayekabidhi nishani.

"Mzee Kivuva, mlinzi wa misuli yote ya Kasikeu, taifa linakushukuru. Nini kinakuamsha kila Jumamosi kutufanyia kazi hii?"

Akaitazama jezi namba tisa ikipita mbio.

"Nangoja aumie," akasema.